Barafu Ndani ya Bomba la Gerezani

Sogeza kiti, mwanangu, na uwaite wenzako wa zamu nao wasogee. Najua mtayasoma haya kwenye simu huku mkisubiri chai, lakini mimi nitaongea kana kwamba mko mbele yangu, kama nilivyozoea. Mmeniaga vizuri, mmenipa keki na saa ya ukutani, na watu wamesimama kunisifu hadi nikaona haya. Ila katika maneno yote yaliyosemwa siku ile, hakuna aliyetaja kitu kilichonitisha kuliko vyote katika miaka yangu ya kufanya kazi na gesi. Si moto. Moto kila mtu anauogopa bila kufundishwa. Kitu chenyewe ni barafu.

Haya, chekeni. Mchaga aliyezaliwa chini ya Kibo anaogopa barafu, tena Dar es Salaam, mji ambao hata ukuta unatoka jasho. Mkimaliza kucheka, nisikilizeni.

Siku yangu ya kwanza kituoni nilifika na ovaroli mpya iliyokuwa ikinikwaruza shingo. Kabla ya hapo nilikuwa fundi bomba wa maji. Nilijua kukata bomba, kuliunganisha, kuziba panapovuja, na nilijua kwamba mabomba yote hupasuka mwenye nyumba akiwa na wageni. Gesi sikuijua. Kituo mnakijua wenyewe: uwanja mdogo wenye ukuta, upande mmoja reli ya mtaa wa Gerezani, upande wa pili uchochoro unaoingia Kariakoo. Gesi inafika ikiwa na presha kubwa, inapita kwenye regyuleta, inatoka ikiwa na presha ndogo ambayo mwenye tanuri la mikate anaweza kuitumia bila kulipua mtaa. Kazi yetu yote ni hiyo. Ukimweleza mtu harusini, inakwisha kwa sentensi moja na yeye anageukia pilau.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Mlinzi getini alikuwa akijipepea kwa kipande cha boksi. Na pale katikati ya uwanja, bomba lilikuwa jeupe. Lilikuwa limevaa ganda la barafu kuanzia kwenye regyuleta hadi karibu na kona, na kando yake zilikuwa zimeegemezwa chupa za maji, soda, na pakiti ya mtindi.

“Karibu kwenye friji ya ofisi, Mama Aika,” aliniambia Saidi. “Weka na ya kwako. Hii haili umeme wa luku.”

Saidi alikuwa fundi mwenzangu, kijana wa Mtwara, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno. Mke wake, Mwanahawa, alikuwa akipika chakula uchochoroni, nyuma tu ya ukuta wetu: wali, maharage, samaki waliotoka Feri asubuhi. Nusu ya kituo ilikula kwake na nusu nyingine ilikula kwa mkopo, pia kwake.

Sikuwahi kuweka chupa yangu, maana kabla sijaitoa kwenye mkoba alitokea Mzee Chitanda. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Lindi, mrefu, anayetembea kama mtu asiyetaka kuamsha kitu. Alizitoa zile chupa moja moja, akazipanga kivulini, wala hakumgombeza mtu. Kisha akaniita.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Weka mkono hapa. Mgongo wa mkono, si kiganja.”

Niliweka, nikauondoa haraka.

“Huu weupe wa nje,” alisema, “ni unyevu wa hewa ya mji wetu ulioganda. Huu hauui mtu. Lakini kila ukiuona, jiulize: kama nje kuna baridi hivi, ndani kuna nini? Wenzako wameshaona friji. Mtu akishaona friji hajiulizi tena.”

Nilimuuliza baridi ile inatoka wapi wakati hakuna mashine ya kugandisha. Akaniuliza kama nimewahi kusimama kwa fundi wa matairi akitoa upepo kwenye tairi la lori. Nikasema ndiyo. “Ukigusa kile kichuchu cha tairi wakati upepo unatoka?” Ni cha baridi. “Basi. Upepo uliobanwa ukiachiwa, unapoa. Gesi nayo ikitoka kwenye presha kubwa kwenda ndogo, inapoa. Sisi hapa tunaiachia mchana na usiku.”

Halafu akanieleza jambo ambalo nataka mlielewe vizuri, kwa hiyo msirukeruke mistari.

Mzee Chitanda alipokuwa kijana alipelekwa kusoma Urusi, na sehemu ya mafunzo aliifanyia Siberia, kwenye visima vya gesi. Huko, alisema, kuna ardhi isiyoyeyuka. Kiangazi kikifika, juu panalainika kidogo, pana matope na mbu wengi kuliko wa bonde la Jangwani mvua zikinyesha. Lakini ukichimba, unakuta udongo mgumu kama zege, umeganda tangu enzi ambazo hakuna mtu aliyekuwepo kuzihesabu. Ganda hilo linaweza kwenda chini mamia ya mita. Mwaka unakwisha, mwingine unaingia, lenyewe limeganda vilevile.

Chini ya ganda hilo kuna gesi, inapanda polepole kupitia nyufa na katikati ya chembe za mchanga. Ikipanda inakutana na maji. Juu yake kuna uzito wa udongo na mwamba unaovikandamiza. Sasa hesabu mwenyewe vitu vilivyokutana: baridi, presha, maji, gesi. Vikikamilika, maji hayagandi kama yale ya trei ya friji. Yanajipanga kuwa vijumba vidogo sana, na kila kijumba kinafungia gesi ndani yake. Ukiitazama, ni barafu. Ukiisogezea kiberiti, inawaka. Wataalamu wanaiita haidreti.

Nilimuuliza kama basi na kileleni Kibo ipo, maana baridi ya kule sisi tunaijua. Alifurahi kuulizwa. Akasema baridi peke yake haitoshi. Kibo hakuna gesi inayopanda, na barafu ya juu ya mlima haina uzito wa kuikandamiza. Hata Siberia kwenyewe, karibu na uso wa ardhi kwa kawaida huikuti, kwa sababu presha ni ndogo. Ukienda chini kupita kiasi nako huikuti, kwa sababu joto la ndani ya dunia linaizidi nguvu. Inakaa kwenye ukanda wake wa katikati, ndani ya ardhi iliyoganda na chini yake kidogo. Pengine pa kuipata ni chini ya bahari ya kina kirefu, ambako maji yenyewe ndiyo yanayokandamiza. Popote masharti yake yakitimia, inakuja. Haiombi kibali.

Kilichoninyima raha ni jambo alilosema mwisho. Barafu hii haihitaji baridi ya kugandisha maji. Presha ikiwa kubwa ya kutosha, inajitengeneza hata kwenye ubaridi wa soda ya dukani.

“Kwa hiyo, mzee,” nilisema, nikilitazama lile bomba jeupe, “baridi tunayo. Presha tunayo. Gesi tunayo.”

“Kimebaki kimoja,” alisema. “Maji. Omba Mungu yasiingie. Na ukishaomba, kagua.”

“Yakiingia?”

“Itaziba bomba. Kuziba si neno kubwa, ni kero tu. Neno kubwa ni itakavyozibuka.” Akaniambia kwamba kule kaskazini aliwahi kuona barafu iliyotoka kwenye bomba ikapita kwenye ukuta wa matofali. “Sikuiona ikipita. Niliona tundu.”

Nikamuuliza kama kulikuwa na watu upande wa pili wa ukuta. Alifunga boksi lake la vifaa, akaniuliza kama nimeshakula.

Tangu siku hiyo nilifanya kazi nikiwa na hofu, na sioni haya kusema. Nilijifunza kuweka ncha ya spana ndefu kwenye bomba na mpini wake sikioni, nikasikiliza gesi inavyopita. Ikiwa njema, inatoa mlio mmoja mrefu, kama shuka linalochanwa na haliishi. Nilijifunza kuheshimu hita, lile boksi linalopasha gesi moto kabla haijafika kwenye regyuleta, kwa sababu ndilo linalotuondoa Siberia. Nilijifunza kwamba bomba lililopimwa kwa maji lazima likaushwe hadi mwisho, si hadi mtu achoke. Mzee Chitanda alistaafu akarudi Lindi, nami nikawa kiongozi wa zamu. Chupa zikarudi kwenye bomba, nikaziondoa, zikarudi. Saidi aliniita Bibi Afya.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ulikuwa msimu wa kipupwe, ule ambao watu wa Dar huvaa makoti na kusema wanakufa kwa baridi. Siku chache kabla, kipande cha bomba letu kilikuwa kimefanyiwa matengenezo na kupimwa kwa maji. Mafundi wa nje waliofanya kazi hiyo walisema wamelikausha. Hita nayo ilikuwa imeharibika, ikisubiri kipuri kilichokuwa bandarini, mahali ambapo vipuri vyetu vingi huishi hadi uzee. Bomba lilikuwa jeupe kuliko nilivyowahi kuliona, na chupa zimejaa kando yake.

Asubuhi ile mwenye tanuri la mikate alipiga simu. “Mama, moto wangu unakata. Unakuja, unakwenda. Nina unga umeshaumuka hapa, mnataka nikauze uji?”

Nilichukua spana ndefu, nikaiweka bombani, nikasikiliza. Shuka lilikuwa halichaniki tena. Ilikuwa pumzi, halafu kimya, halafu pumzi, kama mgonjwa wa pumu. Nilitazama geji ya kwanza, ile iliyo karibu na regyuleta: mshale umepanda. Nikatazama ya pili, baada ya kona: mshale unashuka, unashuka, huku nikiutazama. Katikati ya geji hizo mbili kulikuwa na kitu, na kitu hicho kilikuwa kinakua. Siku zote nilikuwa nikiwaeleza watu habari ya Siberia, na sasa ilikuwa mbele yangu, urefu wa mkono tu kutoka kwenye viatu vyangu.

“Saidi, funga vali ya kuingilia. Halafu ya kutokea. Taratibu.”

Akafunga. Bomba likabaki na gesi iliyonaswa pande zote mbili za ile barafu: upande wa regyuleta presha kubwa, upande wa kona presha ndogo. Msiache hapa kabla hamjaona picha. Fikiria kizibo ndani ya bomba. Nyuma yake kuna kitu kinasukuma kwa nguvu. Mbele yake karibu hakuna kitu. Kinachokishikilia ni jinsi kilivyogandia ukutani mwa bomba tu.

Na jua lilikuwa linapanda. Barafu ya namna hii ikipata joto huachia kwanza pale inapogusa chuma. Kwa hiyo hata kukaa na kungoja tu hakukuwa salama. Mchana ungefika, kizibo kingelegea chenyewe, nyuma yake kungali na presha yote.

Kulikuwa na mahali pawili pa kutolea gesi. Upande wa presha kubwa kulikuwa na bomba jembamba lililosimama kwenye ukuta wa sokoni, mdomo wake juu ya uchochoro. Upande wa presha ndogo kulikuwa na jingine lililoelekea reli, na vali yake ilikuwa palepale konani.

Saidi alikuwa ameshachuchumaa kwenye vali ya konani, spana mkononi.

“Tufungulie huku kwa reli,” alisema. “Tukitoa hewa upande huu, presha ya nyuma inaisukuma yenyewe. Inatoka, tunakunywa chai.”

“Ndiyo ninachoogopa, kwamba itatoka.”

“Mama Aika, kwa sokoni hatuwezi. Unapajua pale. Kelele ile na harufu ile, watu wamejaa hivi? Mtu mmoja akipiga ukelele wa gesi, wanakanyagana hadi Msimbazi. Na chini ya ule mdomo ni majiko ya mama watoto. Nimwagie gesi juu ya mkaa wa mke wangu?”

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu Saidi hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa akifikiria watu. Fundi yeyote wa kituo kile angefikiria hivyo, na wengi walishazoea kutolea gesi kwa reli kila ilipowezekana, ili tusiwashtue majirani. Ulikuwa ustaarabu wetu. Siku ile ustaarabu huo ungeua.

Nilipiga magoti kando yake, nikachora kwa ncha ya spana kwenye vumbi. “Hapa ni regyuleta. Barafu iko hapa. Ukiitoa presha ya mbele, inakimbia upande gani?”

Akafuata mstari kwa macho. Bomba lilinyooka kutoka kwenye regyuleta hadi kwenye kona, na kona ilikuwa imegusa ukuta wa uchochoroni.

“Inagonga kona,” alisema.

“Kona ikipasuka, nyuma ya ukuta kuna nani?”

Aliiweka spana chini kwa upole, kama mtu anayelaza mtoto. Kutoka upande wa pili wa ukuta tulimsikia Mwanahawa akicheka na mteja.

Nilimpigia Injinia Rehema, msimamizi wetu. Alikuwa kwenye foleni Ubungo. Nilimweleza kwa kifupi. Akasema, “Upande wa presha kubwa kwanza, kidogo kidogo, hadi pande zote zilingane. Baada ya hapo shusheni pamoja. Msipashe moto. Mama Aika, zima majiko yote kwanza. Wa mikate nitaongea nao mimi.” Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na kule kutetemeka kulinisaidia, maana nilijua ameelewa.

Nilitoka uchochoroni. Nilitembea kama mtu anayekwenda kununua vocha. Ukikimbia Kariakoo, watu wanakimbia nawe kabla hawajajua sababu.

Nilianza na Mangi Temu, mchomeleaji wa mageti, cheche zikiruka kwenye miguu yake.

“Mangi, zima mashine.”

“Mama, mteja wa geti hili yuko njiani.”

“Zima. Tutatoa gesi juu hapa.”

Alivua miwani yake ya kuchomelea, akanitazama. “Mchaga mwenzangu, leo unanifungia biashara?”

“Nakufungia leo ili kesho ufungue.”

Alichomoa waya. Mwenye duka la vipuri wa jirani akapaza sauti, “Nyie mmetumwa na mgambo! Wameshindwa kutufukuza kwa virungu, wanakuja na gesi!” Watu wakacheka, na kicheko kile nilikishukuru, maana mtu anayecheka hakanyagi mwenzake.

Mwanahawa alikuwa na majiko yake yote yamewaka, sufuria za wali zimefunikwa kwa mkaa juu, chakula kimekaribia kuiva. Nilimwambia ukweli wote kwa sauti ya chini. Nilimwambia ni wapi barafu ilipo, na ingemkuta wapi yeye kama tungeifungulia upande wa reli. Alitazama ukuta nyuma yake, ule ukuta aliozoea kutundikia kanga yake na upawa. Halafu alichukua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, akamwaga kwenye jiko la kwanza. Mvuke ukapanda. Akamwaga kwenye la pili.

“Jamani!” alipaza sauti. “Wali umegoma leo! Sigara zimeni, majiko zimeni, mwende barabarani mkapunge upepo. Mtasikia mlio, mtasikia harufu, msikimbie, ni kazi ya hawa wenye kofia ngumu. Atakayekimbia simkopeshi tena!”

Walitoka. Taratibu, wakinung'unika, wakibeba madaftari yao ya mauzo na vigoda vyao. Mimi nilirudi uwanjani na kumkuta Saidi amechuchumaa palepale konani, uso wake karibu na geji ya pili.

“Toka hapo.”

“Nani atasoma geji? Ukifungua huko bila mtu wa kukwambia huku kuna nini, utapitiliza.”

“Utaisomea mbali.”

“Mbali sioni. Namba zimefifia.”

Alikuwa anasema kweli. Ilikuwa lazima mtu aisome, na pa kuisomea palikuwa mbele ya mdomo wa bunduki. Tukabishana. Nilikuwa kiongozi wake na hakunisikia. Ndipo tuliposikia geti likigongwa.

“Baba Hamisi!” Alikuwa Mwanahawa akimwita mumewe, mikono imejaa majivu, mlinzi amemzuia kwa fimbo. “Mimi nimeharibu wali wa watu. Nimezima majiko yangu kwa ajili ya hilo bomba lenu. Toka hapo, au niingie tukae wote.”

“Mama Hamisi, hii ni kazi.”

“Nami nilikuwa kazini. Toka.”

Saidi alisimama. Sijui ilikuwa aibu au woga, lakini alisimama. Tukatafuta njia: simu yangu ya mkononi tuliifunga kwa kamba kwenye bomba la jirani, kamera ikiielekea geji, tukapigiana kwa video, na simu yake tukaishika sisi nyuma ya kibanda cha zege. Picha ilikuwa inakatakata, lakini mshale ulionekana.

Nilifungua vali ya sokoni kwa robo ya mzunguko. Gesi ilipiga yowe. Mnajua sauti ile. Kifua chenyewe kinatetemeka. Nilifunga. Tukatazama. Nikafungua tena. Nilikuwa nikihesabu pumzi zangu, kwa sababu kila nilipofungua nilifikiria cheche moja ambayo sikuiona, jiko moja chini ya meza, mtu mmoja mkaidi na kiberiti. Harufu ilijaa uwanja mzima. Kutoka barabarani hatukusikia mtu akipiga ukelele.

Mshale wa geji ya kwanza ulishuka. Ukashuka tena. Ulipokaribia kulingana na wa pili, nilianza kupumua.

Ndipo ikaja.

Haikuwa mlipuko. Ilikuwa pigo moja, zito, la chuma kwa ndani, kama lori limegonga nguzo. Bomba lote liliruka. Kile kiguu cha zege kinachoshikilia kona kilipasuka katikati, na kioo cha geji ya pili kikaruka. Kwenye simu ya Saidi picha ilizunguka, ikaonyesha mbingu, ikazimika.

Kona haikupasuka. Nasema tena ili nijisikie mwenyewe: haikupasuka. Tofauti ya presha ilikuwa imebaki kidogo sana, na hicho kidogo ndicho kilichofanya yale tuliyoyaona. Vipande vya kioo vilikuwa vimetapakaa mahali ambapo Saidi alikuwa amechuchumaa. Kimoja kilikuwa kimejikita kwenye mbao ya mlango wa stoo, kwa usawa wa uso wa mtu aliyechuchumaa.

Mwanahawa alikuwa ameshika vyuma vya geti kwa mikono miwili, midomo ikienda bila sauti. Saidi aliketi chini kwenye vumbi, akaanza kujipapasa uso, polepole, kana kwamba anautafuta.

Tulishusha presha iliyobaki pande zote mbili kwa pamoja hadi ikaisha. Hatukuwasha moto, hatukumwaga maji ya moto. Tuliliachia bomba jua na muda. Injinia Rehema alifika na wenzake, tukapima hewa, tukasubiri tena, na tulipofungua bomba jioni, ndani ya kona tulikuta mabaki: kitu cheupe kama barafu ya kusaga, kikichemka na kutoa povu bila kuwa na joto. Kilitoa sauti ndogo ya kutatarika kikiyeyuka. Chini yake kulikuwa na maji, yale maji yaliyosemekana yamekaushwa.

Saidi alikitazama hadi kikaisha. “Kama ningefungua kwa reli,” alisema.

Alirudi kazini. Nilimwona kwa muda mrefu akipita mbali na ile kona, akizunguka uwanja mzima kwenda tu kuchukua ndoo. Sikumcheka na sikumruhusu mtu amcheke. Nilimwambia kama ninavyowaambia nyinyi sasa: woga huo ni kifaa cha kazi, kitunze kama unavyotunza spana. Baadaye yeye ndiye aliyewafundisha wengi wenu kusikiliza bomba, na najua amewafundisha vizuri, kwa sababu nimewasikia mkilalamika kwamba anarudia.

Mimi hadi leo nikipita Kariakoo na kuona mtu ameshika bonge la barafu la kupozea samaki, mkono wangu unakwenda wenyewe kutafuta ukuta wa kujificha. Wanangu wananicheka. Lakini nyinyi mtakuwa pale siku hita itakapoharibika tena, na itaharibika. Masharti yatatimia kimyakimya, bomba litaziba, mwenye mikate atapiga simu, na kila mtu atataka ufanye haraka. Mtaweza. Si kazi ya mashujaa, ni kazi ya watu wanaofuata utaratibu huku magoti yanatetemeka.

Kwa hiyo bomba likiziba, funga vali ya kuingilia na ya kutokea, ondoa kila mtu mbele ya kona, zima kila moto, kisha soma geji zote mbili. Zikitofautiana, punguza kwanza ile iliyo juu, kidogo kidogo, hadi zilingane. Zikishalingana, shusha pande zote mbili pamoja; usimalize upande mmoja ukauacha mwingine na presha.